Mitungi ya mwembe mbichi inapasuka kitakoni: nikaushe gogo kwanza?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Bagamoyo, nakereza vyombo vya mbao na kuvipeleka kwa wauza sanaa. Mwezi uliopita jirani alikata mwembe wake mkubwa akanipa magogo. Nimekereza mitungi sita yenye mdomo mwembamba, minne imepasuka: mitatu imefanya ufa wa nyota kitakoni, mmoja umeachia shingoni. Mzee mmoja ananiambia gogo linazamishwa baharini kwanza, mwingine anasema niliache kivulini mwaka mzima likauke. Nimfuate yupi? Na jingine: nikifika ndani, chini ya bega, patasi inaruka na kunipiga mkono. Mashine yangu aliiunda fundi wa kuchomelea, ina mota ya hospawa moja na puli za hatua nne.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Wazee wako usiwabishie mbele za watu, lakini gogo usilipeleke baharini, wala usiliache likae mwaka.

Anayekwambia uzamishe baharini pengine amekaa na mafundi wa majahazi. Wao mbao zao zitaishi majini, chumvi haiwasumbui. Mtungi wako wewe utakaa juu ya kabati sebuleni. Chumvi ikishaingia kwenye mbao inavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo chombo hakiachi kuwa na ubichiubichi, mafuta hayashiki, na vyuma vya mashine yako vinakula kutu. Anayekwambia usubiri mwaka naye anafikiria mbao zilizokwisha pasuliwa, zile za inchi moja au mbili zinazopangwa na vijiti katikati. Hizo zinakauka kweli. Gogo zima la mwembe lenye unene wa sentimita 30 kwa mwaka linakauka ngozi tu. Ukilifungua utakuta nyufa zimeanzia nje zimefika katikati, ubao umebadilika rangi kwa kuvu, na bungua wamekwisha hamia.

Mwembe unakerezwa mbichi, tena mapema. Ulianza vizuri. Kilichokupasulia mitungi ni namna ulivyolikata gogo na unene ulioacha chini.

Ndani ya mti mbichi maji yamekaa mahali pawili. Mengi yako wazi ndani ya mirija midogo ya mti, ndiyo yale yanayokurukia usoni mashine ikizunguka. Haya yakitoka, mti unapungua uzito tu na umbo linabaki lilelile. Mengine yamo ndani ya kuta za nyuzi zenyewe. Unyevu ukishuka hadi karibu asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, yale ya wazi yamekwisha na haya ya kwenye kuta yanaanza kuondoka. Hapo ndipo mbao inapoanza kusinyaa, na haisinyai sawasawa. Kwa wastani wa miti mingi, ukifuata mzunguko wa zile duara za ukuaji, inapungua kama asilimia 8 ikikauka kabisa. Kutoka katikati kwenda kwenye ganda, kama asilimia 4. Kwa urefu wa gogo, hata nusu ya asilimia moja haifiki.

Chukua penseli. Kisahani cha gogo chenye kipenyo cha sentimita 20 kina mzunguko wa sentimita 63 hivi. Mzunguko unataka kupungua sentimita 5. Lakini umbali wa kutoka katikati kwenda nje umepungua kwa asilimia 4 tu, na hiyo inaruhusu mzunguko upungue sentimita 2.5. Zile 2.5 nyingine zinatokea kama ufa. Huku kwetu pwani hewa ina unyevu mwingi, mbao haikauki hadi mwisho, inatulia ikiwa na maji kama asilimia 14 au 15. Basi gawa kwa mbili. Bado ni ufa wa zaidi ya sentimita moja, unapitisha kalamu.

Kitako cha mtungi wako ndicho hicho kisahani. Ulifunga gogo likiwa limesimama kwa urefu wake kwenye mashine, kiini, kile kitone cha katikati ambako duara zote zinaanzia, kikiwa katikati ya mtungi. Tumboni hakukuwa na shida kwa sababu tumbo ni pete, limetobolewa, likitaka kujibana linajibana bila kuzuiwa. Kitako kimejaa. Hakina pa kwenda isipokuwa kufunguka, na hufunguka kuanzia kwenye kiini kwenda nje. Hiyo ndiyo nyota yako. Nami naamini kabisa, bila kuuona, kwamba kitako umekiacha na unene wa sentimita 2 au 3 wakati tumbo ni milimita 7. Karibu kila anayeanza anafanya hivyo kwa kuogopa kutoboa chini. Tumbo jembamba linakauka kwa siku chache na kuanza kujivuta, kitako kinene bado kina maji, hakisogei. Umekwisha ona udongo kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge maji yakikauka: ngozi ya juu inasinyaa huku chini bado tope, na juu ndiko kunakopasuka vipande vipande. Ni kazi ileile.

Ule wa shingoni una sababu mbili zinazowezekana. Ya kwanza, ufa ulikuwemo kabla hujawasha mashine. Ncha za gogo zinakauka haraka kuliko ubavu wake, na ndani ya siku chache zinafanya nyufa nyembamba kama unywele ambazo huzioni mbao ikiwa imelowa. Kabla ya kufunga gogo, kata sentimita 5 au zaidi kila ncha uzitupe. Halafu kata kisahani chembamba, milimita 5, ukikunje kwa mikono. Kikivunjika mahali bila kubisha, ufa upo, kata tena. Sababu ya pili ni bega. Ukifanya shingo ya milimita 4 na chini yake bega la milimita 15, kwa sababu patasi haikufika vizuri kule pembeni, basi umerudia kosa la kitako juu. Pasua kwa msumeno mmoja wa ile iliyoharibika, kutoka mdomoni hadi chini, uone unene wake wote. Inauma kufanya hivyo, lakini utajifunza zaidi ya maneno yangu yote haya.

Sasa magogo uliyobaki nayo. Mwezi ni mrefu kwa mwembe, kwa hiyo usingoje. Yakate ncha kama nilivyosema, na papo hapo zipake gundi nyeupe ya mbao, au rangi ya mafuta iliyobaki, au nta iliyoyeyushwa, tabaka mbili. Yaweke kivulini juu ya miti miwili yasiguse ardhi (mchwa hawabishi hodi), uyafunike kwa magunia uliyoyalowesha. Ukikuta mistari myeusi na vivuli vya kijivu ndani ya ubao, hiyo ni kuvu imeanza. Wateja wengine wanaipenda sana michoro hiyo na wanalipa zaidi. Lakini bonyeza kwa ukucha: pakiwa laini, mti umeoza, peleka jikoni.

Kwa gogo la sentimita 30, pasua kwa urefu kupitia katikati ya kiini, upate nusu mbili, kisha katika kila nusu ondoa ubao wa sentimita 3 upande wa kiini. Ndani ya kila nusu utapata mtungi wenye tumbo la sentimita 11 au 12, nyuzi zikienda kutoka mdomoni hadi kitakoni. Ni mdogo, najua. Ndiyo maana gogo nene ni mali. Zile mbao za katikati fanyia miiko na vibao, usizitupe. Ukikauka, mtungi usio na kiini utakuwa yai kidogo ukitazamwa kutoka juu, na hiyo si kasoro. Ni uzuri wa kazi ya mti mbichi, na mnunuzi anayejua atautafuta.

Ukitaka lazima mtungi mkubwa wa gogo zima wenye kiini ndani, unaweza, ila kitako kiwe chembamba sawasawa na tumbo, kisizidi milimita 6, na ukipe umbo la kubonyea kidogo kuelekea ndani. Kikiwa chembamba na kimebonyea, kinaweza kujipinda badala ya kupasuka. Kisha dondoshea supa gluu juu ya kiini, nje na ndani, mara tu unapomaliza. Bado utapoteza baadhi. Kwa mtu anayeuza, mimi nisingeifanya hiyo kuwa kazi ya kila siku.

Kuna njia mbili za kukereza mti mbichi, na balaa nyingi zinatokana na mtu kukaa katikati yake. Ya kwanza ni kumaliza kwa kikao kimoja: unafikia unene wa mwisho, milimita 5 au 6 kwa anayejifunza, 3 au 4 mkono ukishazoea, kisha unaacha chombo kijipinde kinavyotaka. Ya pili ni kukereza nusu: unaacha ukuta mnene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani sentimita 2 kwa chombo cha sentimita 20, unakausha miezi, halafu unarudisha mashineni na kukisawazisha. Ya pili inafaa bakuli na vyombo vya mdomo mpana, na chochote chenye kifuniko kinachotakiwa kukaa sawa. Kwa mtungi wa mdomo mwembamba, fuata ya kwanza. Kurudi ndani ya shingo iliyokwisha kuwa yai, kwa mashine ya kuchomelewa, ni kutafuta patasi ikupige tena.

Ukichagua kikao kimoja, basi kiwe kimoja. Usianze saa tano ukaenda kula, ukasali, ukakutana na rafiki barazani, ukarudi saa tisa. Ukuta wa milimita 6 unaanza kujipinda ndani ya saa hizo, hasa upepo wa kaskazi ukivuma. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jaza ndani ya mtungi maranda yaliyolowa, uzungushie gunia la maji, uache ukiwa bado umefungwa kwenye mashine. Ukirudi usiku au kesho yake, utaendelea.

Kufunga: kama huna taya nne za kushika, una sahani ya chuma yenye matundu ya skrubu, nadhani, kama mashine nyingi za kuchomelewa. Kumbuka skrubu inayoingia kufuata nyuzi haishiki kama ile inayokata nyuzi. Tumia ndefu zenye meno makubwa, ziingie sentimita 5, usiweke chini ya sita, na uache kipande cha ziada cha sentimita 5 au 6 nyuma ya kitako ili patasi isikutane na skrubu. Kichwa cha nyuma kiendelee kubana gogo mpaka umalize sura ya nje yote.

Mwendo: chukua kipenyo cha kazi kikiwa kwa sentimita, ukizidishe kwa mizunguko ya mashine ya dakika moja, jibu likae kati ya 15,000 na 22,000 kazi ikishakuwa duara kamili. Gogo la sentimita 20 linapata 750 hadi 1,100. Lakini gogo bichi lisilosawazika, upande mmoja mzito kwa maji, unaanza kwenye puli ya polepole kabisa, na ukiona mashine inatembea sakafuni, zima, usiishike kwa mguu. Weka mifuko ya mchanga juu ya miguu yake. Baada ya kila kazi futa kitanda cha mashine na upake mafuta, maana maji ya mti yanaleta kutu usiku mmoja, na chuma kikikutana na utomvu wa miti mingi kinaacha doa jeusi kwenye mbao. Doa likishatokea, maji ya ndimu hulifuta.

Sura ya nje imalize kwa bobari kali, ile patasi yenye ncha ya mfereji, kisha ndipo uingie ndani. Toboa kwanza tundu la katikati kwa keekee ndefu, milimita 20 hadi 25, hadi kina unachotaka ukitoa unene wa kitako. Fungia utepe kwenye keekee ili ujue pa kusimama. Tundu hilo linafanya kazi mbili: linakupa kina cha uhakika, kwa hiyo hutaogopa tena kukiacha kitako kinene, na linaondoa kile kitovu cha katikati ambapo mbao haina mwendo na patasi inasukuma tu bila kukata. Kwa gogo lililosimama kwa nyuzi, ndani unakata kutoka katikati kwenda nje. Ukienda kinyume, kutoka ukutani kuja katikati, nyuzi zinang'oka.

Nenda kwa ngazi. Chimba sentimita 3 au 4 za juu, ufikie unene wa mwisho, pima, ridhika, ndipo ushuke sentimita 3 nyingine. Ukishashuka usirudi juu. Ule ubao mnene ulioko chini ndio unaoshikilia kazi isitetemeke, na juu pameshaanza kuwa yai. Hili ndilo sharti gumu kuliko yote kulishika, kwa sababu jicho linakuita: "nipunguze kidogo tu hapa shingoni". Hapo ndipo mtungi unaporuka.

Kupima unene ndani ya mdomo mwembamba huhitaji kifaa cha dukani. Chukua waya mgumu, uukunje kama namba 7 yenye mkia, nafasi kati ya ncha mbili ikiwa unene unaoutaka pamoja na milimita chache za kupitia, uingize ncha moja ndani na nyingine ibaki nje. Pale nafasi inapobaki ndogo, ukuta ni mnene. Wengine wanashusha taa ndogo ya waya ndani na kuzima taa za karakana: mbao mbichi nyeupe ikifika milimita 3 inaanza kung'aa, na sehemu nene zinabaki giza. Ni njia nzuri kwa mwembe. Na sikiliza. Ukuta unavyopungua sauti ya patasi inabadilika, na sauti ikibadilika ghafla, simama upime.

Zima mashine mara kwa mara utoe maranda. Maranda ya mti mbichi yanajaa ndani kama pamba, yanabana patasi, na kama mdomo ni wa vidole viwili hayatoki yenyewe. Tumia kijiti chenye ndoano, au kompresa ukiwa na miwani. Kidole usiingize chombo kikizunguka, hata kwa sekunde. Glavu vua, mikono mirefu kunja juu, na kikoi cha shingoni kiache mlangoni.

Nije kwenye patasi inayokupiga. Unatumia patasi ya kawaida au bobari, na unaisukuma mbali na egemeo, kile chuma cha mashine unacholazia patasi. Kila sentimita inayopita egemeo inampa yule mti nguvu ya kukushinda. Unahitaji fimbo nene ya chuma yenye jino dogo mbele. Fimbo ya milimita 12 isipite egemeo zaidi ya sentimita 10. Ya milimita 20 inavumilia 20 hivi. Mpini uwe mrefu, mara nne au tano ya kile kinachoning'inia, uubane chini ya kwapa, viganja viongoze tu. Jino nunua kwa wanaokereza vyuma, vile vipande vyao vya kukatia, upana wa milimita 5. Mwambie fundi wa kuchomelea atoboe ncha ya fimbo kwa mraba au duara, ulipachike na kulibana kwa boliti ndogo. Jino pana linauma mbao nyingi kwa pamoja, ndilo linaloruka. Dogo linauma kidogo, na ukilichosha linakataa tu.

Fimbo moja iwe nyoofu na nyingine ipindwe mbele, kwa ajili ya kufika chini ya bega. Aliyeujulisha ulimwengu mtindo huu wa kuchimba vyombo vyembamba kwa fimbo zilizopindwa kupitia tundu dogo ni Mmarekani David Ellsworth, miaka ya 1970, na tangu hapo mafundi wengi wamejitengenezea zao. Iliyopindwa ina hila: jino likiwa pembeni ya mstari wa fimbo, mbao inataka kuizungusha mkononi mwako. Hakikisha sehemu nyoofu ya fimbo ndiyo iliyokaa juu ya egemeo, si ule mpindo. Na jino likae usawa wa katikati ya mtungi au juu yake kwa uzi. Ndani ya chombo, jino lililoko juu kidogo likisukumwa chini linaachana na mbao. Lililoko chini ya katikati likisukumwa linazidi kuzama, na hapo mkono wako unapigwa. Jaribu hilo kwanza kabla ya kununua chochote, huenda egemeo lako liko chini mno.

Neno moja juu ya tupa. Mafundi wengi wanasaga tupa kuukuu kuwa patasi, na kwa kazi ya nyundo ndogo ya benchini watu wanapona. Kwenye mashine, ikiwa imening'inia ndani ya mtungi, tupa inavunjika kama kigae kwa sababu imekazwa sana, na kipande kinaruka usoni. Ukikosa chuma kingine, springi ya gari ni bora: inapinda kabla ya kuvunjika.

Ukimaliza, kata kitako, na hapo kukausha kunaanza. Mtungi wa mdomo mwembamba unakauka nje haraka na ndani polepole, nasi tunataka kinyume. Uzungushie nje karatasi nene na uache mdomo wazi. Mifuko ya saruji ya karatasi ni mizuri kuliko chochote, ila chukua matabaka ya ndani ambayo hayakugusa vumbi la saruji, maana saruji inaweza kupaka madoa kwenye mbao iliyolowa. Nailoni usitumie: mtungi utaota ukungu ndani ya siku tatu. Uweke ndani ya nyumba, chumba kisicho na feni, mbali na dirisha la upepo wa bahari. Juu ya bati, kwenye jua la saa saba, usiweke hata kwa kujaribu. Andika kwa penseli chini ya kitako tarehe na uzito, ukiazima mizani ya jikoni. Pima kila siku mbili. Uzito ukiacha kushuka, umekauka kwa hewa ya Bagamoyo, na kwa ukuta wa milimita 5 hilo mara nyingi halizidi majuma mawili au matatu. Ile ya kukereza nusu, ya sentimita 2, tegemea miezi minne hadi minane.

Msasa piga baada ya hapo, kwa mkono au mwendo mdogo, bila kupasha moto. Msasa mkavu juu ya mbao mbichi unaziba, na joto lake peke yake linaweza kufungua vinyufa kwenye ncha za nyuzi. Mafuta ya nazi yanapendeza siku ya kwanza lakini hayakauki. Tumia ya linsidi (mbegu za kitani) ya dukani, tabaka moja jembamba kwa kitambaa, uache siku kadhaa, kisha nta ya nyuki. Vitambaa vilivyoloa linsidi vitandaze nje au vizamishe majini: vikirundikwa vinajipasha moto hadi vinashika moto vyenyewe. Na mwambie mnunuzi mtungi huu si wa maji.

Hapo nimesema "kwa hewa ya Bagamoyo" makusudi. Mtungi ukinunuliwa na mgeni ukapelekwa Ulaya, kwenye nyumba inayopashwa joto wakati wa baridi, utakauka tena hadi asilimia 7 au 8. Ukipelekwa Dodoma utashuka pia, ingawa si hivyo. Mwembamba wenye unene sawa unajipinda kidogo zaidi na kunyamaza. Mnene wenye kiini unapasukia mezani kwa mtu aliyelipa.

Miti mingine unayoweza kuipata huko: mfenesi unakatika vizuri na rangi yake ya manjano inakuwa kahawia kadiri miaka inavyokwenda, ila utomvu wake unanata kwenye kila kitu. Mwarobaini una nyuzi zinazopishana, unataka patasi kali, na vumbi lake linawasha pua. Msaji, ambao sisi Tanga tunao karibu kwa sababu ya shamba la miti la Longuza kule Muheza, hausinyai sana, ila unaua makali ya patasi upesi. Mkorosho na hata mwembe wenyewe utomvu wao huwatoa watu wengine vipele, kwa hiyo ukiona ngozi inawasha, acha. Mvinje na mkaratusi ni mabingwa wa kupasuka, viache mpaka mkono ukomae. Mpingo usiuguse kwa njia hii. Na mti wowote, hata wa shambani kwa jirani, kabla ya kuupakia kwenye gari uliza ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kuhusu kibali cha kusafirisha.

Ile minne iliyopasuka: mmoja upasue kwa msumeno kama nilivyosema. Ile yenye nyota kitakoni iache ikauke kabisa, ufa ufike mwisho wake, kisha kata kitako chote kwa duara na upachike kisahani cha mti mwingine mkavu, wa rangi tofauti ili ionekane wazi kuwa kimewekwa. Kisahani kiache nafasi ndogo pembeni, ukibane kwa gundi sehemu moja tu ya ukingo, tumbo liweze kusogea. Wako wanaojaza ufa kwa unga wa mbao na gundi, wanapaka rangi ya viatu na kuuza mtungi kama mzima. Sipendi, na ufa huo unarudi. Uuze kwa bei ya chini na umwambie mnunuzi kilichofanyika. Ule ulioachia shingoni, kata shingo yote hadi begani ukiwa mkavu, utakuwa bakuli dogo la kuwekea funguo.